Abiria wa Arobaini na Moja

Hesabu ilizidi mtu mmoja. Msimamizi wa safari alirudi nyuma ya basi akaanza upya, akigusa migongo ya viti kimoja kimoja kama alivyozoea kwa miaka tisa, upande wa kushoto kwenda, wa kulia kurudi. Arobaini na moja. Orodha ilikuwa na watu arobaini.

"Leo Dada Hesabu kapatikana," alitania dereva, mzee waliyemwita Babu Gia. "Au umemhesabu mama mara mbili kwa furaha?"

Msimamizi alicheka ili yaishe. Mama yake alikuwa ameketi mbele kabisa, pembeni ya kiti chake, na viatu vipya vilivyombana ambavyo hakutaka kukiri kuwa vinambana. Miaka yote hiyo alikuwa akimwambia, "Ipo siku nitakupeleka ukaone ziwa, mama." Sasa siku ilikuwa imefika: siku tatu, miji mitatu ya kando ya maji. Hawakuwa na mwingine duniani, mama na bintiye, na hakutaka kitu chochote kimharibie mama safari yake.

Basi likaondoka. Kabla ya mji wa kwanza abiria walianza kulalamika kuhusu harufu, harufu ya magugu ya maji yaliyooza. Aliifuata mpaka mstari wa sita, dirishani. Kiti kilikuwa kitupu. Alipokigusa, sponji ilitoa maji baridi yakampita kati ya vidole.

Alikijua kile kiti. Mwezi uliopita alikikalia mjane mmoja mwenye kofia pana, aliyesafiri peke yake. Katika mji wa tatu mjane alishuka kutazama maji, akaacha kofia yake imetundikwa kwenye mgongo wa kiti, na Dada Hesabu, aliyekuwa na haraka, alihesabu kofia. Waligundua wakiwa mbali. Babu Gia alitaka kugeuza. Yeye akakataa: watu wamechoka, na yule ni mtu mzima, atapanda basi jingine. Mjane aliwasubiri mwisho wa gati mpaka giza likaingia, akateleza. Ziwa lilimrudisha siku ya tatu. Kosa la kofia lingesameheka, lakini binti wa marehemu alipokuja ofisini akilia, Dada Hesabu alimtazama machoni akamwambia, "Mama yako aliomba mwenyewe abaki." Uongo ule ulimlindia kazi, na alilala usingizi usiku huohuo.

Mchana wa siku ya pili, katika mji wa pili, abiria wakila, Babu Gia alimvuta nyuma ya basi.

"Nimemwona kwenye kioo," alinong'ona. "Mstari wa sita. Kaniangalia mimi, kisha kakuangalia wewe."

"Uzee huo, babu."

"Maji yale yana wenyewe, mwanangu. Kuna majini mle yanayomrudisha aliyedhulumiwa, na yanaazima sura yoyote yanayoitaka. Mpigie binti yake simu. Mwambie ukweli kabla hatujafika kule."

Alimtazama mama yake kwa mbali, akicheka na wenzake. Huyu mama alimwambia kila mtu kwamba mwanawe hajawahi kupoteza abiria.

"Mama akisikia nitaficha wapi uso wangu?" alisema. "Sipigi."

Kesho yake walifika mji wa tatu jua likiwa bado kali. Abiria walitembea kidogo, wakarudi kwenye basi. Alikuwa mlangoni na orodha yake alipomwona mama yake anatembea kwenye gati, peku, anakwenda zake mwisho kabisa bila kugeuka. Aliita. Akatupa orodha akakimbia, mbao zikilia chini ya miguu yake na ile harufu ya magugu ikizidi kila hatua, hata alipomfikia na kumshika bega lililolowa na kuwa baridi, na mama akageuka, hakuwa mama, alikuwa mjane, uso umevimba, macho meupe, midomo ikisema polepole bila chuki yoyote ya kusikika:

"Nilikusubiri. Hilo ningelisahau. Lakini mwanangu alikuuliza, nawe ukamtazama machoni."

Alitaka kuomba msamaha na maji yakamjaa kinywani, maji yaliyotoka ndani yake mwenyewe, na miguu ikagoma, na mbele yake ule uso uliovimba ukaanza kunywea, ukajipanga upya, shavu kwa shavu, mpaka akawa anajitazama yeye, sare yake, kovu lake la kidevuni, kisha yule aliyekuwa yeye akampita taratibu, akaokota orodha, akapanda basi na kupita kati ya viti akigusa kimoja kimoja, upande wa kushoto kwenda, wa kulia kurudi.

"Arobaini," alisikia sauti yake ikimwambia Babu Gia.

"Afadhali," mzee akajibu, akashusha pumzi. "Tuondoke hapa."

Injini ikawaka. Kutoka pale gatini, kupitia dirisha la mbele, alimwona mama yake amemgeukia yule aliyeketi pembeni yake, anamuuliza kitu, pengine mbona umelowa hivi mwanangu. Mama akavua mtandio wake, akamvutia kichwa kile kifuani, akaanza kumfuta nywele.