Mshale wa Mwisho Darajani

Jumatatu ile duka la kutoa nakala pale Chikongola lilifurika watu. Wanafunzi walikuja na vyeti, akina mama na fomu za vikundi, na mashine iliyokuwa ikifanya kazi ni moja tu. Rehema, karani wa mahakama ya mwanzo, alisimama kwenye kaunta na baibui lake jeusi na mtandio wa zambarau, jicho moja kwenye saa. Alipopewa bahasha yake alitoka mbio.

Ofisini aliifungua ili atoe hati za wito. Badala yake akasoma: *Kibwe, mpiga mishale. Nguvu kumi na nne. Ujanja tisa. Anaogopa maji ya kina kirefu.*

Alikuwa bado ameikodolea macho karatasi ile mlango ulipobishwa hodi. Mwanaume mrefu, ndani ya ovaroli ya buluu, alisimama pale akihema, mkononi hati za wito za Rehema.

"Samahani, dada. Nadhani umenichukulia mtu wangu."

"Mtu gani?"

"Kibwe."

Rehema alimtazama kwa jicho analomtazamia shahidi aliyebadilisha maelezo. "Na huyu Kibwe anaogopa maji kwa nini?"

"Hilo hata mimi sijalijua bado." Yule mtu akatabasamu. "Naitwa Shafii, fundi umeme pale bandarini. Ukitaka kumjua Kibwe, njoo Jumamosi saa tisa alasiri Shangani, kwa Mwalimu Erasto. Tuna mchezo wetu wa mezani. Tumebaki wawili, tunatafuta wa tatu."

"Kamari sichezi."

"Si kamari, ni hadithi. Dadu ipo, lakini wanaokufa ni watu ambao hawapo."

Rehema alikwenda kwa sababu hakumwamini. Alitaka aone kwa macho yake.

Aliwakuta barazani, meza imejaa karatasi. Erasto, mwalimu wa historia kutoka Iringa, ndiye aliyekuwa msimulizi: alieleza nchi, milima na maadui, na kila mchezaji alisema mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa gumu, mchezaji alirusha dadu ya nyuso ishirini. Namba kubwa umeweza, namba ndogo umeshindwa. Irene, mwalimu wa hesabu katika shule anayofundisha Erasto, mwanamke wa kucha nyekundu na kicheko cha karibu, alikuwa na mtu wake Nyange, mwizi wa funguo. Rehema akapewa karatasi tupu, akamwandika Bi Shamsa, tabibu.

Ndani ya mwezi mmoja akawa hakosi. Mchana kutwa aliandika ugomvi wa mipaka ya mashamba na wa ndoa, lakini Jumamosi aliwatibu majeruhi wa vita dhidi ya Mfalme wa Chumvi. Shafii akawa anamtania.

"Karani wangu, leo utanitibu au utaniandikia wito?"

"Inategemea umejeruhiwa wapi."

"Moyoni."

"Dawa ya hapo imekwisha," Rehema alijibu, na Irene akacheka kuliko kila mtu.

Mwezi wa nane wakafika darajani. Ng'ambo ya pili kulikuwa na Ngome ya Chumvi, na mlangoni alisimama mfalme mwenyewe. Erasto alikuwa ameshawaambia: "Mkivuka daraja hili, hadithi yetu imekwisha." Walipigana kwa saa mbili na nusu. Nyange alifungua malango matatu. Bi Shamsa alitumia dawa zake zote. Mwisho Kibwe akabaki na mshale mmoja.

"Ukipata kumi na tano au zaidi," Erasto alisema, "mfalme anaanguka."

Shafii alirusha. Akaitazama dadu. "Nne," akasema, akaiokota.

Mfalme akanyanyua upanga juu ya Kibwe. Rehema, bila kufikiri, akasema, "Bi Shamsa anaingia katikati." Akarusha, akapata mbili. Bi Shamsa akafa palepale darajani, na Rehema, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, akalia mbele za watu.

Shafii ndiye aliyemsindikiza. Walitembea kwa miguu mpaka mjini. Kwenye kona ya mtaa wake alimshika mkono, akasema, "Pole, Rehema." Mapenzi yao yakaanzia hapo.

Miezi mitatu ilikuwa mitamu. Simu za asubuhi: "Umeamka, kipenzi?" "Nimeamka, na wewe ondoka kitandani, bandari haijiwashi taa." Mihogo ya kukaanga mchana. Rehema alijiandikia mtu mpya wa mchezo, askari wa kike, na mchezo ukaendelea.

Kisha siku moja wakiwa mgahawani Shafii alikwenda kunawa mikono, simu yake akaiacha mezani. Ikatetemeka. Jina la Irene likatokea, na chini yake maneno: *Utamwambia lini Rehema? Nimechoka kukutunzia siri.*

Shafii aliporudi, Rehema alimsogezea chumvi.

"Mbona umenyamaza, mama?"

"Pilipili imenizidi."

Hakuuliza. Kazi yake ilimfundisha kwamba ukimuuliza mtu mapema, unampa muda wa kupanga. Alianza kuangalia. Jumamosi ile aliona Irene akimwashiria Shafii kwa macho, na Shafii akitikisa kichwa. Aliona kwamba Irene alikaa kuliani kwa Shafii siku zote, bega kwa bega. Alikumbuka kicheko chake. Mambo yaliyokuwa ya kawaida tangu mwezi wa nne yakaanza kujipanga foleni, kila moja na ushahidi wake.

Jumatano alipiga simu.

"Uko wapi, laazizi?"

"Kazini, mpenzi. Bandarini."

Nyuma ya sauti yake kengele ya shule ililia, na watoto wakapiga kelele za mapumziko.

"Naisikia bandari," Rehema alisema. "Siku hizi ina wanafunzi."

"Rehema, ngoja..."

Akakata. Akazima simu. Siku mbili Shafii alipiga bila kumpata. Ijumaa mchana Rehema alichukua bajaji mpaka lango la ile shule, akamngojea Irene atoke. Irene alitoka na gauni la kitenge cha kijani, daftari kwapani, na alipomwona hakushtuka. Hilo nalo Rehema alilitilia shaka.

"Madamu Irene, una nini na Shafii?"

"Mimi?" Irene alishika kifua. "Dada, mimi nina mchumba wangu Songea, mwezi wa sita tunafunga ndoa kanisani. Shafii alikuja hapa Jumatano kuniomba nimpe wiki moja zaidi."

"Wiki ya nini?"

"Muulize siku ile ya darajani dadu ilisema ngapi. Mimi nilikaa pembeni yake, niliona. Zaidi ya hapo simo."

Rehema aliondoka na wasiwasi mkubwa kuliko aliokuja nao. Dadu? Watu wazima wawili watunze siri ya dadu miezi mitatu? Aliona wazi kwamba amepewa hadithi ya kumpotezea njia. Hata hivyo akawasha simu, akaandika: *Kesho saa nne asubuhi, nje ya mahakama.*

Jumamosi mahakama imefungwa, na benchi la mashahidi chini ya ukuta lilikuwa tupu. Shafii alifika na shati jeupe lililonyooshwa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Rehema alikuwa na daftari gotini na kalamu mkononi.

"Rehema, mpenzi, naomba nikueleze..."

"Utajibu nitakachouliza. Siku ya vita ulikaa wapi?"

Akameza mate. "Kona ya meza. Madamu Irene kuliani."

"Na mimi?"

"Mbele yangu. Ulivaa gauni la njano, lina maua madogo hapa kwenye..."

"Gauni sikuuliza. Nyange alifungua lango la tatu saa ngapi?"

"Ilikuwa inaelekea saa kumi na moja. Ukanitibu bega. Ulibaki na dawa moja ukanipa mimi, nikakwambia jiwekee, ukakataa."

Rehema alikumbuka. Aliandika, ingawa hakukuwa na haja. "Mshale wa mwisho. Dadu uliirushia wapi?"

"Nyuma ya chupa ya chai."

"Siku zote ulirusha katikati ya meza. Siku hiyo kwa nini nyuma ya chupa?"

Shafii akatazama chini.

"Ilisema ngapi, Shafii?"

"Kumi na tisa."

Kalamu ikasimama. Bodaboda ilipita, ikapiga honi, ikapotea.

"Tulikuwa tumeshinda," Rehema alisema polepole.

"Tulikuwa tumeshinda. Na Mwalimu alisema tukishinda hadithi imekwisha. Nikafikiri, Jumamosi ijayo nitamwona wapi huyu mtu? Wewe nje ya ile meza ulikuwa hata salamu yangu unaipima. Mdomo ukasema nne kabla mimi mwenyewe sijaamua. Sikujua utaingia katikati. Wallahi, sikujua utakufa."

"Ukaniacha nilie."

"Nilikuacha."

"Ukanisindikiza, ukaniambia pole, na mimi nikakupenda kwa pole hiyo. Umekaa na jambo hilo miezi mitatu, unakula mihogo na mimi, uso mkavu. Sasa niambie, nitajuaje lingine lililoko nyuma ya chupa?"

Shafii alifungua viganja vyake vitupu, na kidogo hilo lilimsaidia. Angejibu haraka, Rehema angeinuka akaenda zake.

"Leo saa tisa," akasema, "utasema barazani, mbele ya Mwalimu."

Shafii alisema. Alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, akaeleza yote. Irene alishusha pumzi ndefu. Erasto alivua miwani.

"Umemficha mfalme wangu aliyekufa nyuma ya chupa ya chai?"

"Nisamehe, Mwalimu."

Erasto aliingia ndani, akatoka na daftari nene lenye gamba jekundu, akalitupa mezani. "Ng'ambo ya daraja, nyuma ya ngome, kulikuwa na mji mzima. Mitaa, soko, bandari, watu na majina yao. Nimeuandika tangu Januari. Niliwaambia hadithi itakwisha ili mpigane kwa moyo! Mngeshinda, Jumamosi iliyofuata tungeingia mjini."

Irene akacheka mpaka akashika meza. Rehema hakucheka. Alishuka ngazi za baraza, akatoka mpaka getini, na Shafii akamfuata.

"Kwa hiyo ulidanganya bure," alisema bila kugeuka.

"Bure kabisa."

"Ile pole ya kwenye kona. Nayo ilikuwa ya uongo?"

"Hapana. Nilijiona mbaya. Nusura nikuambie palepale, nikaogopa."

Rehema akageuka. "Kwa nini hukuniambia tu tangu mwanzo kwamba unanipenda?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa." Alilisema bila huruma, maana ndivyo ilivyokuwa. "Nilikuona mtu wa maneno mengi. Ungeniambia siku ile nikiwa sijakuzoea, ningekataa, na barazani nisingerudi tena."

Jua la alasiri liliwapiga usoni. Shafii ndiye aliyethubutu kwanza.

"Na sasa?"

Rehema alimchunguza kuanzia paji la uso mpaka viatu. Hakuona kilichofichwa. Alijua vizuri kwamba kutokiona si sawa na kutokuwepo, lakini alijua pia kwamba siku hizi mbili za simu kuzimwa hakulala.

"Jumapili baba huwa nyumbani, Mahurunga. Tuma wazee. Ila wasije na maneno matamu. Baba hayapendi, na mimi nimeyachoka. Waseme jina lako, kazi yako, na kwamba unanitaka."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Yakizidi nitajua kuna kitu."

Jumapili ya pili yake wazee wawili wa Mikindani, kanzu safi na kofia za kushonwa kwa mkono, walishuka kwenye bajaji iliyojaa vumbi. Walikaribishwa mkekani, wakasema mambo matatu, wakanyamaza. Baba yake Rehema aliwatazama mmoja baada ya mwingine kwa mashaka, akingoja yaliyobaki. Chai ikaletwa, ikanywewa. Hakuna kilichoongezwa. Ndipo mzee akageukia pazia la ndani, alipojua binti yake amesimama akisikiliza, akauliza kwa sauti:

"Huyu mtu wako, ndivyo alivyo, bila maneno mengi?"

"Tangu juzijuzi, baba," Rehema alijibu.

Mzee akacheka, akaitikia posa.