Mstari Aliouruka Majok

Nawoi, mama wa makaa, alitua gunia lake mlangoni kwa Majok, pale kambini Kakuma, akachungulia ndani. Ilikuwa saa sita mchana.

"Ejok," alisalimu kwa Kiturkana. "Hii askari yenu imekuja lini?"

"Askari gani, mama?"

"Ile imekaa na mtoto. Iko na kiatu moja."

Majok aligeuka. Mtoto wake wa miezi mitatu alikuwa peke yake mkekani, na chumba kizima kilinuka mafuta ya bunduki. Kaka yake Alier, aliyeuawa vitani Sudan Kusini, aliwahi kuandika kwamba kiatu chake kimoja kilichukuliwa na mto.

Barua za Alier zilikuwa zikija na madereva wa malori kupitia mpakani Nadapal. Mama yao, Awut, hajui kusoma, kwa hiyo Majok ndiye aliyemsomea. Ya mwisho ilisema: "Nikifa, nioleeni mchumba wangu Nyibol kwa ng'ombe wangu, ili watoto atakaozaa wawe wangu, nisipotee." Ndiyo desturi ya watu wao, Wadinka: ndugu humwolea marehemu mke, na watoto huitwa wa marehemu. Majok aliuruka mstari huo. Alimpenda Nyibol na alimtaka kwa jina lake mwenyewe. Alier alipouawa, akamwoa, na barua akaificha kwenye mkebe wa mafuta ya rasheni. Kusema kweli, alijiona mjanja.

Tangu siku ile ya Nawoi, mtoto alikataa ziwa. Walimpeleka hadi hospitali ya Lodwar. Madaktari hawakuona ugonjwa. Siku ya nne, jua likiwa utosini, Majok alisikia karatasi ikikunjuliwa mkebeni, taratibu, kisha hatua, moja nzito ya buti na moja nyepesi ya mguu mtupu, zikiuzunguka mkeka, na ile harufu ikamjaa kooni, na mtoto, ambaye hakuwa tena na nguvu hata ya kulia, akageuza kichwa polepole kuzifuata hatua mpaka zikasimama nyuma ya mgongo wa Majok, na hapo mtoto akatabasamu.

"Mama," Majok alinong'ona. "Nilikudanganya."

Akaitoa barua mkebeni, akaisoma yote. Nyibol aliziba mdomo kwa mkono. Awut hakumpiga wala kumlaani.

"Kaka yako alikuomba kitu kimoja," alisema.

Akamwinua mtoto, akamtemea mate ya baraka utosini. "Wewe ni mtoto wa Alier. Huyu ni baba yako mdogo."

Harufu ikaisha. Jioni mtoto alinyonya mpaka akalala, na Awut akairudisha barua mkebeni. Majok alilia kwa furaha na kwa aibu, hakujua ipi imezidi.

Kesho yake Nyibol alipotoka kuteka maji, Majok alimbeba mtoto, akatazama huku na huku, akamnong'oneza sikioni:

"Mwanangu."

Mkebeni, karatasi ikaanza kukunjuka. Mtoto akageuza kichwa.