Magunia Matatu ya Mlangoni

Naapa kwa macho yangu yote mawili, ingawa la kushoto ndilo pekee linaloona vizuri, kwamba hapa hakuna neno hata moja nililolitunga. Anayebisha aje aniulize. Ninapoishi panajulikana.

Saa 2:00 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la vipuri. Dirisha moja, limezibwa kwa kadibodi. Wanaume watatu, meza moja, harufu ya grisi.

Aliyekuwa akiongea, waliomjua walimwita Msumari, kwa sababu kadiri ulivyompiga ndivyo alivyozidi kuingia. Kulia kwake alikaa Dereva, mtu wa kutafuna vijiti vya kiberiti. Kushoto alikaa Karani.

Karani hakuwa jambazi. Miaka ishirini na miwili alikaa forodhani, kazi yake kuamua kila bidhaa iitwe nini na ipewe namba gani. Kisha mkubwa wake akala rushwa, akafukuzwa yeye.

Mpango ulikuwa mfupi. Saa nne, karakana ya kukata vito. Mawe mekundu, kila moja kama punje ya mahindi. Saa sita mawe yawe ndani ya gunia. Saa nane gunia liwe ng'ambo ya mpaka, kabla polisi hawajamaliza kuandika maelezo.

Dereva alitaka kujua kwa nini mboga. Karani akamweleza. Karoti iliyokatwa vipande na kukaushwa ni nyekundu, ngumu, ndogo. Ichanganye na kitunguu na kabichi kavu, umwagie mawe katikati, hata mama yako hayaoni. Na mchanganyiko wa mboga kavu, usiotiwa kitu kingine chochote, una namba yake. Afisa anatazama gunia la mlangoni mwa lori, anagonga muhuri, kizuizi kinainuka.

"Ukitiwa kitu kingine?" Dereva akauliza.

"Chumvi na viungo? Hapo si mboga tena. Ni matayarisho ya supu. Namba nyingine. Kila gunia linamwagwa kwenye chekecheo."

Msumari akadakia. "Na huyo mpishi wako anayekausha mboga?"

"Shemeji yangu. Kamuoa dada yangu."

"Sikukuuliza kamuoa nani."

"Namdhamini."

"Sawa. Lori likiondoka, atakaa na mimi kwenye gari. Likipita, anakwenda kwa mkewe. Likielekezwa kwenye chekecheo, namalizana naye palepale kwenye kiti."

Alilisema kama mtu anayeagiza vocha ya simu.

Saa 4:10 asubuhi.

Dakika nne ndani ya karakana. Karani alishika mfuko tu. Fundi alikuwa mzee, alilala chini bila kuambiwa mara mbili, akaomba miwani yake isikanyagwe. Msumari aliitafuta sakafuni kwa macho, akaiona, akaikanyaga. Hakuwa na haraka yoyote. Karani alijua kuanzia hapo kwamba ile ahadi ya kwenye meza haikuwa vitisho.

Saa 5:40 asubuhi.

Ghalani magunia thelathini yalikuwa tayari. Mpishi alikuwa akishona la mwisho, jasho likimtoka puani, uso umejaa furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri. Siku tisa alikata, akakausha, akageuza. Karani alimwamuru asiongeze kitu. Hakumwambia kwa nini. Aliona shemeji akijua machache atalala vizuri zaidi.

Mawe yakaingia gunia la kumi na tano. Lori likapakiwa. Msumari alisimama mlangoni akihesabu magunia kwa kidole.

Mpishi akamsogelea Karani, akamnong'oneza kama anayempa zawadi. "Shemeji, nimekuokoa."

"Umefanya nini?"

"Nilionja. Ilikuwa kama kula karatasi. Nikajua mtu wa forodha naye ataonja, atasema huyu mpishi gani. Yale matatu ya mlangoni nimeyakoleza. Chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu cha unga. Aonje kitu cha maana."

Kumwambia Msumari ni kumchimbia shemeji kaburi hapohapo ghalani. Kuyahamisha magunia ni kuulizwa kwa nini. Alimtazama Mpishi, mtu mzima anayesubiri kusifiwa.

"Umefanya vizuri," akamwambia.

Saa 7:20 mchana.

Barabara nyeupe kwa jua. Kwenye kioo cha pembeni cha lori, gari jeupe nyuma yao, vichwa viwili. Dereva alipiga soga. Karani hakusikia. Alikuwa akiomba afisa wa zamu awe mvivu.

Saa 7:50 mchana.

Hakuwa mvivu. Alikuwa mwanamke aliyefundishwa kazi na Karani mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Alifurahi kumwona. Akamuulizia nyumbani, akamuulizia mgongo uliokuwa ukimsumbua, na huku akiuliza akafungua gunia la kwanza, akachota konzi. Akanusa. Akaweka kipande cha karoti ulimini. Ndivyo Karani alivyomfundisha.

Tabasamu likamtoka usoni taratibu.

"Mwalimu. Fomu yako inasema mboga."

"Nimeiona."

"Hii ni supu."

Nje, gari jeupe lilisimama ukingoni mwa uwanja. Mpishi alikuwa mbele, kwenye usukani. Msumari nyuma yake. Kulia kwa kizuizi kulikuwa na njia ya chekecheo, mita hamsini, peupe kabisa. Lori likikata kona hiyo, basi.

Karani alivuta fomu. Akafuta namba yake, akaandika ile sahihi, akatia saini pembeni.

"Sikiliza bila kugeuka," akasema. "Gunia la kumi na tano lina mawe ya wizi. Yule wa nyuma kwenye gari jeupe ana bastola. Wa mbele ni mume wa dada yangu, hajui lolote. Inua kizuizi, lori lipite moja kwa moja kama limeruhusiwa. Ndipo uwaite wenye bunduki."

"Na wewe?"

"Saini yangu unayo."

Afisa akagonga muhuri kwa nguvu, ili usikike hadi nje.

Kizuizi kikainuka. Lori likapita. Kwenye gari jeupe Msumari akaishusha bastola, akaegemea kiti, na polisi wakamzunguka pande zote. Risasi zikalia kama mvua juu ya bati. Arobaini na moja, mimi nawaambia, na gari likabaki kama kichujio.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika juzi, nikiwasimulia wenzangu mkahawani, mwenye mkahawa alipoweka birika chini. Ni mtu mpole, hutembea akiburuta mguu. Nimekunywa chai yake mwaka mzima bila kumuuliza alikotoka.

"Mzee wangu," akasema, "zilikuwa mbili."

Nikamwuliza yeye kajuaje.

"Ya kwanza ilivunja kioo." Akajigusa paja. "Ya pili ninayo."

Nikauliza, kwa sauti ndogo, habari za shemeji yake. Akasema bado yuko ndani, miaka mitatu imebaki, na mkewe yeye, dada wa Karani, humpelekea sabuni kila mwisho wa mwezi.

Nikalipa chai ya wote, nikaondoka bila kusubiri chenji.