Aliyeichana Ngoma ya Mwali

Kila alipoingia zamu, Mkaguzi wa Polisi Loyce alimpigia simu mama yake kijijini Dindira, kumwamkia tu. Siku ya tamasha alifanya hivyo nyuma ya banda la chai, kidole kimoja kikiziba sikio kwa ajili ya kelele za uwanja. Alisema shikamoo. Marahaba haikumfikia. Nyuma ya jukwaa kubwa mtu alipiga ukelele, kisha ngoma za uwanja mzima zikanyamaza moja baada ya nyingine, kama watu walioletewa habari ya msiba.

Alikata simu akakimbia.

Maiti haikuwapo. Kilicholala chini kilikuwa ngoma, na watu wameizunguka kama wanavyomzunguka aliyegongwa na gari. Ilikuwa ngoma kubwa ya Wazigua kutoka Handeni, iliyotangazwa wiki nzima kwenye gari la matangazo mjini Korogwe. Uso wake ulikuwa umechanwa kutoka ukingo hadi ukingo.

Pembeni alipiga magoti Mzee Mhina, kiongozi wa kikundi, kofia yake mkononi. Aliyesimama juu yake, akiwa amejifunga kanga na kujaza kifua kwa matambara, alikuwa Muhsin, mchekeshaji aliyetoka Handeni akapata jina Dar es Salaam. Watu wengi walikuwa wamekuja kumwona akiimba kwa ngoma hiyo.

"Mshukiwa tayari, afande," alisema Konstebo Erasto. Alikuwa amemshika mkono Sabiri, mchonga miiko na vinu. "Asubuhi aligombana na Muhsin. Alisema mbele za watu kwamba leo ngoma haitalia. Na kisu hiki hapa."

"Nilisema," Sabiri alijibu. "Aliwachekesha watu kwa mguu wangu huu mbovu. Ningefanyaje, nimpigie makofi?"

Vijana waliomfuata Muhsin walianza kusogea, wengine wameokota mawe. Loyce aliamuru Sabiri aingizwe kwenye gari la polisi, kwa usalama wake kwanza. Lakini Erasto alimnong'oneza kwamba mkuu wa kituo amekwisha piga simu: anataka mtu mahabusu kabla tamasha halijafungwa, wageni wasiondoke wakisema Korogwe hakuna polisi.

Loyce alivaa glavu, akachuchumaa.

"Shikamoo, mzee. Nani aliiona nzima mara ya mwisho?"

"Marahaba. Mimi. Niliisogeza kwenye moto wa magunzi mpaka ikakaza. Nikaipiga kofi moja, ikanijibu vizuri. Nikaenda kuswali adhuhuri."

"Ulimwachia nani?"

"Sikumwachia mtu. Nani anaiba ngoma mchana?"

Ngozi ilikuwa bado na joto. Mpasuko ulikuwa umeachama, kingo zake zimejikunja nje kama midomo. Kando kulikuwa na ngoma ndogo ambayo haikuwa imepelekwa motoni. Loyce aliibonyeza kwa dole gumba, ikabonyea kama tumbo la mtu mwenye njaa. Karibu na ukingo wake ilikuwa na mchaniko wa zamani, na kingo za mchaniko ule zilikuwa zimelaliana kabisa.

Ngozi iliyolegea ikichanwa, hulala. Hii ilikuwa imeruka. Basi ilichanwa ikiwa moto na imekaza, baada ya mzee kwenda kuswali.

"Erasto, wakati wa swala Sabiri alikuwa wapi?"

Konstebo hakuwa ameuliza. Wenye kuuza juisi ndio waliomjibu, tena kwa kicheko: Sabiri alikuwa jukwaa dogo akionyesha jinsi ya kuchonga mwiko, mshehereshaji amemwekea kipaza sauti kidevuni, na hakuteremka mpaka ukelele uliposikika.

"Labda alimtuma mtu," Erasto alisema.

"Labda. Sasa tazama hapa."

Kwenye ukingo wa mpasuko palikuwa na mstari mwembamba wa zambarau. Erasto alidhani ni damu iliyokauka. Loyce aliugusa kwa pamba, pamba ikanywa rangi. Aliitia kwenye mfuko wa vielelezo, kisha akainua macho. Nyuma ya jukwaa, hatua chache tu, lilikuwa banda la wasusi wa mikeka.

Wanawake watano wa Handeni walikuwa wamekaa wakisuka ukili. Miyaa yao ilikuwa ya zambarau, na vidole vyao vilikuwa vya zambarau. Kila mmoja alikuwa na kisu kidogo cha kuchania miyaa, ila mmoja tu, mwanamke wa makamo aliyekaa pembeni na hakuinua uso. Loyce aliambiwa huyo ni Maryamu, binti wa Mzee Mhina.

Aliwaamkia wote, akaeleza bila kuzunguka. Kuna ngoma imechanwa. Kuna rangi yao kwenye ngozi. Kuna mtu asiye na kosa ndani ya gari la polisi.

Mkubwa wao, Bi Tatu, aliweka ukili chini.

"Nimeichana mimi."

"Muongo huyo," alisema aliyekaa karibu naye. "Hata sindano haioni. Ni mimi."

"Na mimi nilishika upande wa pili," alisema wa tatu.

Wa nne alinyoosha mikono yote miwili mbele ya Erasto, akamwuliza kama pingu zake zina saizi ya mama mwenye mwili. Banda zima lilicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kumtunishia mtu kifua. Erasto alifungua daftari, akalifunga.

Loyce hakucheka, wala hakukasirika. Alivuta kigoda akakaa usawa wao.

"Sawa. Nimekubali maungamo yote. Nina swali moja tu. Ngozi ilikuwaje ulipoichana?"

Bi Tatu alifikiri. "Ngumu. Nilikereza kama nyama ya ng'ombe mzee."

"Baridi," alisema wa pili. "Ilikuwa kivulini."

"Laini tu," alisema wa tatu, naye wa nne akaafiki.

Loyce alimgeukia wa tano. "Na wewe, dada Maryamu?"

Bi Tatu alimwambia Maryamu kwa Kizigua jambo ambalo Loyce hakulielewa, lakini sauti ilikuwa ya kumzuia. Maryamu alitikisa kichwa.

"Ilikuwa moto," alisema polepole. "Nilipoigusa tu na kisu ilijichana yenyewe, ikapiga kelele. Ilinishtua. Nilidhani uwanja mzima umesikia."

"Kisu kiko wapi?"

Aliinua pembe ya mkeka aliokalia. Kisu kilikuwa na mpini wa zambarau, na kwenye makali umenasa unywele mfupi mweupe wa ngozi ya ng'ombe.

Loyce aliwaambia wengine wanne wanaweza kutoka. Hakuna aliyetoka.

Maryamu alieleza huku akiendelea kuangalia mikono yake. Ngoma ile ilikuwa ya bibi yake, mama yake Mzee Mhina. Ilipigwa na wanawake tu, ndani, kwa mwali aliyewekwa ndani kufundwa, na ilikuwa na wimbo wake ambao mwanamke alikuwa akiusikia siku hizo na kuubeba maisha yote. Bibi alipokufa, mzee aliihifadhi ngoma kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya bati. Muhsin alipomwomba amfundishe wimbo, alimfundisha. Muhsin akajifunga kanga, akajifanya kungwi, akauimba kwa kubinua makalio. Video yake ilienea kwenye simu.

"Binti yangu Ikram amerudi shuleni analia," alisema. "Wavulana wanapiga madawati na kumwimbia. Mwaka huu ni zamu yake kuwekwa ndani. Anasema haingii. Anasema bora afe kuliko kuimbiwa wimbo wa Muhsin."

"Ulimwambia baba yako?"

"Nilimwambia. Alisema dunia imebadilika, kucheka si ugomvi. Nikanyamaza. Leo nikaona ngoma ya bibi iko motoni inangojwa na yule, na amejaza matambara kifuani."

Loyce alimwagiza Erasto amteremshe Sabiri na kumrudishia kisu chake. Erasto alikwenda, lakini alirudi na watu wawili nyuma yake. Mzee Mhina alikuwa amesikia. Muhsin pia, jasho limemchora mistari kwenye poda.

"Afande, mimi nachekesha watu tu," Muhsin alisema. "Sijaua mtu."

Bi Tatu alimgeuzia kisogo.

Mzee Mhina alimtazama binti yake, kisha akamtazama Loyce. Aliongea kwa heshima, kama mtu anayekaribisha wageni. Alisema yeye ndiye mwenye ngoma na yeye hana malalamiko. Moto wa magunzi ni mkali, ngozi ilikuwa ya zamani, imepasuka yenyewe. Afande aandike hivyo, mambo yaishe kifamilia. Ngozi nyingine ipo, itawambwa, na Muhsin atapanda jukwaani jioni kama ilivyotangazwa.

Ilikuwa njia ya kutokea. Loyce aliiona, na moyo wake ulitaka Maryamu aipite. Kosa la kuharibu mali kwa makusudi lingemfikisha mahakamani; moto wa magunzi haushitakiwi. Aliweka kalamu juu ya karatasi, akangoja, akitumaini mwanamke yule atakaa kimya kama alivyozoea.

Maryamu alisimama. Alijipangusa vipande vya miyaa, akamwangalia baba yake usoni, na wanawake wanne nyuma yake wakasimama pia.

"Andika vizuri, afande," alisema. "Haikupasuka. Nimeichana mimi, Maryamu binti Mhina, mchana, na akili zangu ninazo. Baba, ile ngoma haikuwa yako kumpa mtu. Iwambeni upya. Mkimpa tena huyu, nitaichana tena."