Aliyepima Mara ya Pili

Naapa kwa macho yangu yote mawili, haya ninayoyavalia miwani, kwamba kila neno hapa ni la kweli.

Kila alasiri baada ya shule, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye watu walimwita Kifungo kwa jinsi alivyokuwa mdogo na mviringo, alikwenda kujifunza kushona kwa jirani yao, Shangazi Cherehani. Chumba cha kazi kilikuwa kirefu, chenye dirisha moja tu. Magauni yalining'inia kwenye kamba, na pembeni zilisimama sanamu tatu za kuvalisha nguo, hazina vichwa, kama wageni wanaosubiri kukaribishwa.

Sheria ya kazi ilikuwa moja: ukishapima kitambaa, mwenzako naye apime, ndipo ukate. Kifungo aliishika sheria hiyo mpaka bibi yake alipofariki.

Wiki ya sita baada ya mazishi, Shangazi alitoka kidogo kuchota maji. Aliporudi, alikuta shati la mteja limekatwa, mkono mmoja mfupi kuliko mwingine kwa kiganja kizima.

"Kifungo! Huu ni mkono wa mtu au wa mwanasesere?"

"Samahani, Shangazi. Nilipima."

"Na nani alipima mara ya pili?"

Msichana alizitazama zile sanamu. "Yeye."

"Yeye nani?"

"Bibi. Alisema: kata."

Hapakuwa na upepo, lakini gauni moja kwenye kamba liligeuka polepole, likawapa mgongo. Kifungo akaushika mkasi kwa nguvu. Tangu msiba alikuwa akiisikia sauti ile ikimwita bafuni, darasani, hata katikati ya mchezo. Usingizi ulimpaa, chakula kilimshinda, na hakuwa amemwambia mtu.

"Usimwambie mama," alinong'ona. "Wataniita kichaa."

Shangazi hakucheka wala hakushtuka. Alivuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Mimi waliniita hivyo. Miaka minane iliyopita nilishona magauni ya watu wasiokuwepo, mwanangu. Waliingia humu, nikawapima, wakanichagulia rangi. Siku moja dada yangu akanikuta nazungusha tepu hewani. Akanipeleka hospitali. Nikatibiwa, nikarudi. Mpaka leo nameza dawa zangu kila asubuhi, na daktari ananiona."

"Na wale waliokuwa wakikuita kichaa?"

"Bado wananiita. 'Shangazi, suruali yangu tayari?'"

Kifungo alicheka huku machozi yakimtoka.

"Shida yako si lazima iwe kama yangu. Daktari ndiye atakayejua," Shangazi alisema. "Lakini kichwa nacho hakipimwi na mtu mmoja. Ukisikia kitu, niulize kama nami nimesikia. Nitakujibu kweli."

Chumba kikatulia tuli. *Kifungo*, ikasema sauti, karibu kabisa na sikio. *Usimsikilize.*

"Shangazi... umesikia?"

"Sijasikia kitu, mwanangu."

Kifungo akauweka mkasi mezani. Wakaenda pamoja kumwambia mama, na kesho yake wote watatu wakawa hospitali. Daktari alisikiliza kwanza, tena kwa muda mrefu, kisha akaeleza kwamba majonzi na kukosa usingizi vinaweza kumfanya mtu asikie sauti, na kwamba kuna msaada. Sauti ikatoweka siku ileile.

Hapo ndipo nilipokamatwa. Shangazi Cherehani aliusoma mstari huo juu ya bega langu nikiwa naandika.

"Siku ileile? Mzee mzushi wewe! Miezi mitano! Kila Jumanne kwa daktari, na kuna siku mtoto alilia hataki kutoka kitandani. Sasa mtoto aliye nyumbani, mwezi wa pili na bado anaumwa, akisoma uongo wako atajionaje?"

Nikashika kalamu upya. Faini yangu ni kuandika maneno yake bila kuongeza chumvi, nayo ni haya:

"Watoto, akili huugua kama tumbo linavyougua, na hupona taratibu. Ukisikia au ukiona jambo linalokutisha, usilifungie moyoni. Mwambie mtu mzima unayemwamini, hata kama sauti inakukataza. Na ukimjua mwenzako anayeumwa, usimtupie jina. Kaa naye."