Leyla na Ngazi Inayoyumba

Kwa jina la Mola aliyeishikiza ardhi kwa milima isituyumbie, tunaanza.

Ng'ambo ya Daraja la Juba, katika mtaa wa Gumbo, kando ya barabara iendayo Nimule, aliishi Mzee Dekow, Msomali aliyeuza unga, sukari na mafuta kwa jumla. Binti yake, Leyla, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kila asubuhi Leyla alifagia mbele ya duka, akamwekea baba yake chai ya tangawizi, kisha akaenda shuleni pamoja na Pearl, binti wa fundi cherehani Mganda aliyekuwa jirani yao.

Siku hiyo mwalimu wao wa Kiingereza, Bi Jovia, aliandika ubaoni neno "shaky".

"Hili ni neno la vitu visivyotulia," alieleza. "Mkono wa mwenye homa huwa hivi. Sauti ya mwenye hofu huwa hivi. Hata ahadi isiyotegemeka twaweza kuiita hivi. Nani atanipa mfano wa kweli, si wa kubuni?"

"Mwalimu, sauti ya Leyla akiimba!" Pearl alidakia. Darasa zima likacheka.

Leyla akasimama, akajibu kwa Kiingereza kwamba ngazi ya dukani kwao ilikuwa inayumba.

"Vizuri sana! Imepatwa na nini?"

"Vidato vimeachia misumari, mwalimu."

"Baba yako anajua?"

Leyla akainamisha uso. Ijumaa iliyopita, Dekow alipokwenda msikitini, yeye na Pearl waliilaza ngazi juu ya pipa tupu wakaifanya bembea, hadi misumari ikachomoka. Waliirudisha ukutani kimya kimya. Tangu hapo hakuna aliyeipanda.

"Hajui," alinong'ona. "Na leo lori linaleta mafuta. Atapanda kuyapanga."

"Basi mbona unaniambia mimi? Kimbia, mwanangu! Pearl, mfuate!"

Walikimbia hadi pumzi zikawaishia. Walipoingia dukani, Dekow alikuwa juu ya ngazi, dumu la mafuta begani.

"Aabo, teremka!" Leyla alimlilia baba yake. "Ngazi mbovu!"

Kidato kikachomoka. Dekow akaliachia dumu, likapasuka sakafuni, naye akaning'inia kwenye rafu. Wasichana wakaikumbatia ngazi kwa nguvu zao zote, hata akashuka salama.

"Ni sisi, Aabo," Leyla akasema huku akilia. "Tuliifanya bembea."

"Malesh, Mzee," Pearl akaomba radhi. "Mimi ndiye niliyemshawishi."

Dekow akaketi juu ya gunia la sukari, akalitazama dumu lililopasuka. Kisha akacheka kidogo.

"Dumu nitanunua jingine. Mgongo wangu ningeununua wapi?" Akamvuta Leyla karibu. "Neno ulilijua, mwanangu. Ukampa mwalimu akusifu, na mimi niliyekuwa na haja nalo ukaninyima. Mkiharibu kitu, semeni siku hiyo hiyo. Ghadhabu yangu ingepita kabla ya alasiri."

Wasichana wakamwaga mchanga juu ya mafuta, wakafagia, wakasugua sakafu. Kisha wakaishikilia ngazi huku Dekow akiipigilia misumari mipya.

Mola awabakishie watoto wazazi walio hai, na sisi sote atupe ndimi za kusema mapema. Amina.