Mwizi Aliyemwagilia Sakafu

Bomba la gesi lilikuwa limeng'olewa. Kutoka ukuta wa jikoni hadi kona ya sebule, zege changa lilikuwa limechimbuliwa mtaro mwembamba ulionyooka, na ndani ya mtaro hapakuwa na kitu ila mchanga na alama ya mahali bomba lilipolala.

Inspekta alisimama ukingoni akakuna kidevu. Nyumba yote ilinukia saruji. Stooni, mahali pasipo hata mlango, palikuwa na roli zima la bomba jipya la shaba lililoviringwa, linalong'aa. Halikuguswa.

"Afande, huyu mwizi si mzima," alisema konstebo. "Kaacha mkate mezani, kaenda kuokota makombo uvunguni."

Inspekta hakucheka. Kwa miaka mingi ya kazi alikuwa amewaona wezi wavivu, wezi walevi, hata mmoja aliyesinzia dirishani. Hakuwahi kumwona mwizi aliyechagua kazi ngumu na kuacha rahisi.

Mlinzi wa nyumba, mtu mfupi mwenye maneno mengi, alikuwa amekalishwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Walimwita Macho, kwa kuwa alijigamba kwamba hafumbi jicho lindoni.

"Jana Jumapili ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, afande. Sikubanduka."

"Zege limevunjwa kwa nyundo na tindo, nawe hukusikia?"

"Upepo ulikuwa mkali."

"Upepo!" konstebo alicheka. "Basi ukamatwe upepo?"

Akakamatwa Macho. Muuguzi mwenye nyumba alikuwa ameijenga ili amhamishie mama yake mzazi, na hakutaka porojo: mlinzi afikishwe mahakamani alasiri ile ile. Inspekta alitia saini akiwa na shaka. Mlinzi aliyeshirikiana na mwizi angemwonyesha stoo kwanza.

Alirudi sebuleni. Konstebo alikuwa ameinua mguu mmoja kama korongo.

"Una nini?"

"Soksi zimelowa, afande. Haya magunia yamejaa maji."

Inspekta akainama. Zege lililobaki lilifunikwa magunia, kama ilivyo desturi ya mafundi, ili lisikauke haraka likapasuka. Magunia yalikuwa yamelowa chepechepe. Tena yalikuwa yamekunjwa kwa uangalifu kufuata ukingo wa mtaro. Kwa hiyo aliyeyamwagilia alifanya hivyo baada ya wizi. Hata vifusi havikutupwa ovyo; vilipangwa ukutani, vikubwa chini, vidogo juu.

Mwizi anavunja sakafu, kisha anaiuguza?

Alimwita fundi gesi, kijana mrefu aliyekuwa akizunguka uani kama aliyepotelewa na mtoto.

"Bomba hilo ulilipanga wewe?"

"Mimi, afande. Linalopita chini ya sakafu haliungwi. Huwa kipande kimoja, ndani ya ganda la plastiki, ili likivuja, gesi itoke nje, isijikusanye chini ya watu. Nililijaza upepo nikalipima, likashika. Ndipo baba mkwe akamwaga zege."

"Baba mkwe wako ndiye fundi sakafu?"

"Ndiye. Wanamwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, kwa vile hapindi." Kijana alitabasamu kwa shida. "Siku aliponikubalia binti yake alinipa sharti moja tu. Siku nitakayoficha kosa chini ya sakafu ya watu, nimrudishe nyumbani kwao."

"Na leo kulikuwa na kazi gani?"

"Kulipima tena baada ya zege kumwagwa, kabla ya kufungulia gesi."

"Nani humwagilia magunia?"

"Yeye mwenyewe. Hamwachii mtu."

Inspekta alikwenda kwanza mahabusu.

"Macho, magunia yalimwagiliwa na nani?"

"Mimi, afande! Si nilikuwepo?"

"Kwa maji ya wapi?"

Macho akaanza kulia. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu. Alimpeleka hospitali, akarudi jioni bila kuchungulia ndani. "Nikisema niliacha lindo, kazi sina. Nina mtoto wa jana, afande."

Hospitali walithibitisha.

Timazi alipoitwa alikuja na shati lililonyooshwa, akasimama sebuleni wima kama nguzo. Mkwewe alikuwa dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Macho yuko wapi?"

"Ndani. Alasiri anapandishwa kizimbani."

Mabega ya mzee yalishuka. "Kwa kosa gani?"

"Mzee, jana ulikuja kumwagilia magunia?"

"Nilikuja."

"Na mtaro huu hukuuona?"

Tone la maji lilianguka kutoka kwenye gunia hadi mtaroni.

"Mwachie Macho," alisema Timazi. "Bomba liko kwangu, nyuma ya mbao."

Kijana aligeuka. "Baba?"

"Nilikuwa napigilia kigingi cha kamba ya kusawazishia," mzee aliendelea, akimtazama Inspekta peke yake. "Kikapita ganda, kikatoboa bomba. Mkwe wangu alikuwa ameshapima, akaondoka. Vibarua walikuwa wanasubiri, zege limeshachanganywa. Nikazungushia utepe, nikamwaga. Mimi! Nikafika nyumbani, chakula kikanishinda. Nilimwona mawazoni mama wa watu amelala humu, na gesi inapumua chini ya kitanda chake."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Sharti lile nililitoa mimi, mbele ya ukoo mzima. Nikaona bomba likiibwa, litawekwa jipya, wala hapana atakayeuliza habari za tundu."

"Na roli la stooni?"

Mzee alimtazama kana kwamba ameulizwa jambo la kitoto. "Ningelichukua, yeye angeweka nini?"

Inspekta alifunga kalamu yake, kisha akaifungua tena. Kazi ni kazi. Alimtuma konstebo amtoe Macho, akaanza kuandika maelezo ya mzee.

"Baba," kijana alisema taratibu, "ungeniambia ningelibadilisha asubuhi moja tu. Nisingemwambia mtu."

"Najua," alisema Timazi, sasa akimtazama usoni. "Ungenifichia. Na kuanzia hapo ningeketije mezani kwako?"

Alichukua kalamu, akatia saini kwa mwandiko ulionyooka. Kisha akamwomba Inspekta dakika moja, akapiga magoti, akavuta gunia lililokuwa limejikunja ukingoni.

"Limwagilie jioni," alimwambia mkwewe. "Zege halina kosa."